Mgeni Mlangoni, Watoto Ndani

Mzee aliyekuwa askari akisimulia vita, watu wa nyumbani humsikiliza kwa nyuso tatu. Akieleza jinsi alivyofunzwa gwaride, kulenga shabaha na kulala na njaa, watoto hucheka. Akieleza mapigano, hunyamaza kimya, macho yamewatoka. Lakini akifika mwisho, pale anapoeleza jinsi alivyopona, mara nyingi husema neno moja tu: "Ilikuwa bahati yangu," au, "Siku zangu zilikuwa hazijatimia." Basi wasikilizaji huridhika, wakaaga, wakaenda kulala.

Sisi twaona kwamba hapo hasa ndipo panapofaa kumwuliza zaidi. Maana ni nadra sana mtu kupona vitani katika nchi ya ugeni pasipo mtu mwingine kulipa, au kukubali kulipa, gharama ya kupona kwake. Yupo aliyempa maji. Yupo aliyemwonyesha njia. Yupo aliyeulizwa na adui, "Amepita wapi?" naye akajibu, "Sikumwona." Watu hao hawavai nishani, wala majina yao hayasomwi siku ya kuwakumbuka mashujaa, lakini wamo katika hadithi nyingi za askari waliorudi kwao.

Katika makala hii twataka kutazama kisa kimoja cha kweli cha namna hiyo, na swali gumu lililomo ndani yake. Swali lenyewe ni hili: Je, baba wa nyumba anayo haki ya kuwatia wanawe katika hatari ya kufa ili amwokoe mtu asiyemjua? Mtu asidhani kwamba hili ni swali la vitani tu. Kila mlango wa nyumba ya Kikristo una siku yake ya kubishwa hodi na mtu ambaye kumkaribisha ni hasara.

Isaac Fadoyebo alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Emure-Ile, magharibi ya Nigeria. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alijiandikisha katika jeshi la Waingereza. Baada ya kufunzwa mambo ya kiaskari hakuwekwa katika kundi la wapiga bunduki, bali alifundishwa udresa, yaani kazi ya kuosha na kufunga vidonda na kuwahudumia majeruhi. Mwaka 1943 Divisheni ya 81 ya Afrika ya Magharibi ilivushwa bahari mpaka Bara Hindi, na kutoka huko ikaingia Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, katika bonde la mto Kaladan, jimbo la Arakan. Njia ya kuingilia bondeni humo walikuwa hawana budi kuichonga wenyewe milimani. Walipokwisha kuingia, walibeba mizigo yao vichwani, na chakula chao kiliangushwa na ndege kwa miavuli.

Wasomaji wetu wengi wanayo habari ya vita hiyo, maana jina la Burma limetajwa katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka huohuo wa 1944 askari wa Keya, wengi wao wakisemezana kwa Kiswahili, walipita katika bonde jingine la nchi hiyohiyo, bonde la Kabaw, katika mvua, tope na malaria, mpaka wakafika mto Chindwin. Hivyo kisa cha kijana huyo wa Nigeria kingaliweza kabisa kuwa cha kijana wa Songea, wa Machakos au wa Gulu.

Mapema mwezi wa Machi 1944, Isaac na wenzake walikuwa ukingoni mwa mto Kaladan pamoja na kituo chao cha majeruhi. Wajapani wakawashambulia kwa ghafula. Wengi walikufa palepale. Isaac alipigwa risasi, mfupa wa mguu wake ukavunjika, asiweze kusimama. Mwenzake mmoja, David Kargbo wa Sierra Leone, alijeruhiwa naye, lakini alikuwa hai. Wajapani walipokwisha kuondoka, hao wawili walibaki peke yao, kilomita maelfu mbali na kwao, katika bonde ambalo jeshi lao lilikuwa likirudi nyuma na kuliacha mikononi mwa adui. Kijana aliyefundishwa kufunga vidonda vya wenzake akawa hana mtu wa kufunga chake.

Ndipo walipotokea watu wa kijiji cha jirani. Walikuwa wakulima Waislamu, wa jamii iitwayo Warohingya. Waliwaletea chakula na maji huko porini walikolala. Na miongoni mwao alikuwako mkulima mmoja, jina lake Shuyiman, ambaye hakutosheka na kuleta chakula. Aliwatunza, akawaficha, na hatimaye akawaingiza katika nyumba yake mwenyewe, alimokaa mkewe na watoto wake. Wajapani walikuwa wangali wakizunguka bondeni. Kama askari hao wangalionekana chini ya paa lake, hakuna aliyekuwa na shaka juu ya mambo ambayo yangempata mwenye nyumba na jamaa yake. Hali hiyo ilidumu, tangu porini hata nyumbani, miezi tisa. Mwezi wa Desemba 1944 majeshi ya upande wa Waingereza yaliporudi bondeni, yaliwakuta wote wawili wakiwa hai.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. Sasa tulitazame swali.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili ni la busara, nalo si la uchoyo. Lataka kusema kwamba ukarimu una kipimo chake, na kwamba chakula cha nyumba ni jasho la nyumba. Lakini wageni wa Shuyiman hawakuweza kushika jembe. Mmoja hakuweza hata kusimama. Walikula, wala hawakulima. Na tena, hatari waliyoleta ilikuwa kubwa kuliko chakula walichokula.

Kwa hiyo mtu mwenye akili aweza kumlaumu Shuyiman, na lawama yake yafaa isikilizwe kwa adabu. Aweza kusema hivi: "Vita hii haikuwa yake. Waingereza na Wajapani waligombea nchi ambayo hao na hao hawakuzaliwa humo. Watoto wake Mungu alimpa yeye awalinde, wala hakumpa mwingine. Uhai wangu naweza kuutoa, kwa kuwa ni wangu. Uhai wa mtoto wangu si wangu kuutoa. Baba anayeweka roho ya mtoto wake rehani kwa ajili ya mpita njia ametumia mali isiyo yake."

Lawama hiyo ina nguvu, na tusijaribu kuipita kwa haraka kwa kutaja tu mfano wa Msamaria Mwema. Twaukumbuka mfano ule katika Injili ya Luka, sura ya 10. Msamaria alimwona mtu aliyejeruhiwa, akamfunga vidonda, akamchukua mpaka nyumba ya wageni, akamlipia. Lakini gharama yake ilikuwa mafuta, divai, safari iliyocheleweshwa na dinari mbili. Injili haitaji mke wala watoto waliokuwa pamoja naye pale njiani, wala haisemi kwamba wanyang'anyi walikuwa wakizunguka nyumba ile ya wageni miezi tisa. Mkulima wa Arakan alitakiwa kutoa zaidi ya dinari mbili.

Tena Kanisa halifundishi kwamba upendo hauna utaratibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha wazi kwamba tunapaswa kuwapenda zaidi walio karibu nasi, na kwamba wajibu wetu kwa wazazi, watoto na ndugu hutangulia wajibu wetu kwa wengine. Mtu anayewalisha wageni hali watoto wake wanalala na njaa, akisifiwa barabarani na kuliliwa nyumbani, huyo hana upendo. Ana kiburi kilichovaa nguo za upendo. Twajua watu wa namna hiyo, na jamaa zao wawajua zaidi.

Lakini mwalimu huyohuyo aongeza neno la pili, ambalo watu hulisahau upesi. Asema kwamba mgeni aliye katika hitaji la mwisho, yaani hitaji la kufa na kupona, aweza kutangulizwa hata mbele ya baba yako mzazi, ikiwa baba yako hana hitaji la namna hiyo. Kwa maneno mengine, ukaribu wa damu ni kipimo kimoja, na ukubwa wa hitaji ni kipimo cha pili. Mwenye busara hutazama vyote viwili. Mtoto wako anayetaka viatu yu karibu. Mgeni anayekata roho mlangoni yu mbali. Lakini hitaji la pili si sawa na la kwanza.

"Hata hivyo," atajibu mwenye kulaumu, "watoto wa Shuyiman hawakutaka viatu, nao walikuwa katika hatari ya kufa." Ni kweli, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Yatupasa kupambanua kati ya madhara na hatari. Kumtoa mtoto auawe ili mgeni apone ni dhambi, wala hakuna nia njema iwezayo kuitakasa. Lakini kubeba hatari pamoja na jamaa yako, ukijitahidi kwa akili na kwa tahadhari kuizuia isiwafikie, hilo ni jambo jingine. Baba avukaye ziwa na wanawe katika mtumbwi kwenda kumzika jirani hawaui wanawe, ijapokuwa ziwa lina mawimbi. Mama auguzaye mgonjwa wa kipindupindu, kisha akarudi kulala na watoto wake, hawaui wanawe, ijapokuwa ugonjwa huambukiza. Kama tungekataza kila hatari iwezayo kuwagusa watoto, hakuna mganga mwenye mke ambaye angetibu, wala hakuna askari wa zamu mwenye watoto ambaye angelinda mji.

Basi vipimo ni vipi? Sisi twaona vitatu. Kwanza, hitaji la mgeni liwe la kweli na la mwisho, wala asiwepo mwingine wa kulitimiza. Pili, mwenye nyumba atumie busara yote aliyojaliwa, asije akafanya ushujaa wa kujionyesha. Tatu, hatari ibebwe na baba mwenyewe kwanza, wala asiwatangulize walio dhaifu. Tukimpima Shuyiman kwa vipimo hivyo, twaona kwamba hakupungukiwa. Askari wale wasingeweza kwenda popote. Hakumtangazia mtu habari zao. Na siku ya kugunduliwa, yeye ndiye ambaye angeulizwa kwanza.

Lakini kuna jambo moja linalotuogopesha, wala si haki kulificha. Sisi leo twamsifu Shuyiman kwa kuwa mambo yalikwisha vizuri. Je, kama Wajapani wangaliingia nyumbani mle, wakawaua watoto mbele ya macho ya baba yao, tungalimsifu? Au tungalisema, "Mjinga yule, alijitakia"? Twaogopa kwamba wengi wetu tungalisema hivyo. Na kumbe tendo lingekuwa lilelile, la mtu yuleyule, lenye nia ileile na busara ileile. Mwaka 1994, nchini Rwanda, wako waliowaficha majirani zao chini ya vitanda na juu ya dari, wakaokoka pamoja nao; na wako waliowaficha, wakauawa pamoja nao. Hatuwezi kusema kwamba wa kwanza walitenda haki na wa pili walikosa. Mwisho wa tendo u mikononi mwa Mungu. Tendo lenyewe u mikononi mwetu kulitenda au kutolitenda. Anayesubiri kujua mwisho kabla ya kufungua mlango hataufungua kamwe.

Wala tusiwahukumu kwa ukali wale ambao walishindwa na hofu. Katika kijiji kile wako waliotoa chakula tu. Wako ambao hawakutoa hata chakula, bali walitoa kimya chao, wakajua wasiseme. Mtu mmoja tu mwenye tamaa ya zawadi angalitosha kuwamaliza askari wale na jamaa iliyowatunza, na miezi tisa ni siku nyingi kwa ulimi wa binadamu. Si kila baba aweza kubeba mzigo wa Shuyiman. Lakini hakuna aliye maskini wa kushindwa kufunga mdomo wake.

Nao watoto, je, walipata nini? Twajua walichohatarisha, tutazame pia walichopewa. Mtoto husoma mwenendo wa baba yake kabla hajasoma kitabu chochote. Baba akimwacha mtu afie porini hatua chache kutoka nyumbani, watoto wake watakuwa salama, lakini watakuwa wamejifunza somo, nalo somo hilo watalifundisha watoto wao. Siku moja litamrudia baba huyo katika uzee wake, atakapokuwa yeye ndiye mwenye kuhitaji, nao ndio wenye mlango.

Isaac alirudi Nigeria mguu wake ukiwa umepona vibaya, mfupi kuliko mwenzake, akachechemea maisha yake yote. Aliajiriwa serikalini, akaoa, akapata watoto. Kumbukumbu zake aliziandika, zikachapishwa mwaka 1999, naye akazipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama kusema: bahati isiyosadikika. Lakini inaonekana moyo wake haukutulia katika neno bahati, kwa maana alijua kwamba bahati yake ilikuwa na jina la mtu. Mwaka 2011, zaidi ya miaka 66 baada ya kuokolewa, mwandishi wa habari Barnaby Phillips alisafiri mpaka Arakan akichukua barua ya Isaac ya kuwashukuru watu wa nyumba ile. Aliwakuta watoto wa Shuyiman. Shuyiman mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka uliofuata, 2012, Isaac naye akafa.

Shukrani ilifika, lakini haikumkuta aliyestahili. Mtu aweza kuuliza: basi, deni hilo limelipwa au halikulipwa? Na swali hilo si la Isaac peke yake, kwani yeye alifanya alivyoweza. Ni la wote walionufaika na wema wa watu wale. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha Warohingya walio wengi bila uraia katika nchi waliyozaliwa. Kuanzia Agosti 2017, zaidi ya watu 700,000 wa jamii hiyo walikimbilia Bangladesh, wakiyaacha nyuma yao makao yaliyochomwa moto. Watu ambao baba zao walifungua mlango kwa mgeni walisimama sasa wao wenyewe mbele ya milango ya wengine. Tarehe 1 Desemba 2017, mjini Dhaka, marehemu Papa Fransisko alikutana na baadhi yao, akawaomba msamaha kwa niaba ya waliowatesa, na kwa ajili ya ulimwengu uliowapuuza. Hakuwa yeye aliyewatesa. Lakini alijua kwamba kupuuza ni kutolipa deni.

Wasemao wahenga, fadhila za punda ni mateke. Watu hudhani mateke ni lazima yawe matusi au mapigo. La, kusahau nako ni teke. Askari wa Afrika waliolishwa na wanakijiji wa Burma, wa Uhabeshi na wa Madagaska walirudi makwao, na wengi wao wamekwisha kulala. Waliowalisha nao wamelala. Hatuwezi kuwalipa tena kwa mkono. Lakini wema una njia yake: ukishindwa kumrudia aliyeutoa, hutafuta mwingine aliye na hitaji lilelile. Kigoma, Turkana na Garissa zimepokea watu wengi waliofika na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Na hata penye kijiji kisichoona wakimbizi kamwe, yuko msichana aliyefukuzwa kwao usiku, yuko mgonjwa ambaye ndugu wamemwogopa, yuko mjane anayedaiwa shamba na wenye nguvu. Kumkaribisha mmoja wao kuna gharama, na wakati mwingine gharama hiyo itawagusa watoto.

Hatuwaambii wazazi wawe wepesi wa kuwatia wana wao hatarini. Twawaambia wapime kwa vipimo vya haki: hitaji, busara, na nani atakayetangulia kubeba. Wakisha kupima, wasijifiche nyuma ya majina ya watoto wao kuifunika hofu yao wenyewe. Maana mara nyingi tunaposema, "Nafikiri juu ya watoto," kwa kweli twafikiri juu yetu.

Na katika nyumba ambamo ingaliko hadithi ya babu aliyekwenda vitani, wenye kuikumbuka waulizane jambo moja zaidi. Waulizane ni nani aliyempa maji. Kama jina lake lajulikana, liandikwe mahali pamoja na majina ya jamaa, na aombewe pamoja nao. Kama halijulikani, aombewe vivyo hivyo. Mungu alijua nyumba iliyomlaza.